Shajara ya mradi: wanyama wa mkaa, udongo na magazeti

Mwishoni mwa Januari

Klabu ya sanaa ya shule yetu, hapa Morogoro, imepewa kazi ya muhula: kutengeneza wanyama wa kuonyeshwa siku ya wazazi. Mwalimu Mkuu ametupa darasa tupu lililo jirani na stoo. Fedha sikuomba. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili nimeorodhesha vitu tutakavyotumia: mkaa, penseli, magazeti ya zamani, maboksi, trei za mayai, udongo wa mfinyanzi, unga wa ngano, chumvi, waya wa kufungia nondo, fito za mianzi, katani. Vyote vinapatikana kwa mwendo wa miguu kutoka getini, na vingi watu wanavitupa.

Siku ya kwanza niliwaacha watoto wachore mnyama yeyote wanayempenda, bila maelekezo, nione wanaanzia wapi. Karibu wote walianzia kwenye ngozi. Walijaza madoa ya chui na milia ya pundamilia kwa bidii kubwa, ndipo wakatafuta pa kuweka miguu, na miguu ikasimama kama ya meza. Simba, twiga na pundamilia wakawa na mwili mmoja. Tofauti yao ilikuwa rangi tu.

Basi nimeamua muhula huu tutajifunza kwanza mnyama anasimamaje. Mifupa itangulie, nyama ifuate, ngozi ije mwisho kabisa. Najua itawachosha, kwa sababu kujaza madoa ni raha. Lakini mtoto akishajua mguu wa swala unakunjwa wapi, hatamchora tena swala aliyekauka.

Kazi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa sarafu. Shilingi 50 ina kifaru na mwanawe, 100 ina swala, 200 ina simba, 500 ina nyati. Weka sarafu chini ya karatasi nyembamba, sugua kwa penseli iliyolazwa ubavu, mnyama anajitokeza. Watoto wamezishika sarafu hizo tangu wanatumwa dukani, na wengi walikuwa hawajawahi kuangalia miguu ya wanyama waliomo. Binti mmoja wa darasa la sita alirudi na karatasi iliyojaa swala, amezungushia duara sehemu ileile ya mguu wa nyuma kwa kila mmoja. Hakuandika kitu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hapa pamevunjika?"

Nikamwambia asubiri tukamwone mbuzi.

Mwanzoni mwa Februari: mkaa

Mkaa wa jikoni haufai kuchorea. Ni mgumu, unakwaruza karatasi na kuacha alama ya kijivu isiyo na nguvu. Tumejitengenezea wetu. Tulikata vijiti vya mforosadi vyenye unene wa penseli, tukavimenya magome, tukavipanga vikabanana ndani ya kopo la maziwa ya unga, tukatoboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko na kulibandika kopo jikoni. Moshi mweupe ulitoka kwenye lile tundu kwa muda mrefu, ukapungua, ukakoma. Ukikoma unaliepua kopo na kuliacha lipoe kabisa bila kulifungua. Ukilifungua likiwa la moto hewa inaingia, vijiti vinashika moto na vyote vinaishia majivu.

Vijiti vyetu vilitoka vyeusi tii, vyepesi, vinavyolia vikigongana. Tumechora navyo juu ya maboksi yaliyokunjuliwa na nyuma ya kalenda za mwaka jana. Faida kubwa ya mkaa ni kwamba haukuruhusu kuhangaika na vidoti. Mkono wote unatembea, kuanzia begani, na mstari wa mgongo unatoka kwa pumzi moja. Ukikosea, unapangusa kwa kitambaa na kuendelea. Mtoto anayeogopa kuharibu karatasi safi anauzoea woga wake upesi.

Zoezi lilikuwa mstari wa mgongo peke yake. Nyati ana kigongo mabegani. Fisi mwili wake unateremka kwenda nyuma, maana miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Twiga anateremka zaidi. Ngiri ana kichwa kizito kinachoning'inia chini ya usawa wa mabega, na akikimbia mkia unasimama wima. Nilikuwa nachora mstari mmoja ubaoni, darasa linataja mnyama. Walipofikia kumtambua fisi kwa mstari mmoja usio na jicho wala doa, nilifurahi kuliko nilivyoweza kuwaonyesha.

Februari: mbuzi

Mzee jirani wa shule ana mbuzi jike na mwanawe, huwafunga chini ya mwembe. Tulikwenda na maboksi yetu na mkaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyu jike hana neno, ila msisimame nyuma yake."

Watoto walikaa mchangani wakichora. Haikuchukua muda, yule binti wa sarafu akasema kwa sauti, "Goti la nyuma limekunjika kinyume!" Wenzake wakaangalia, wakakubali. Nikataka kueleza, mzee akanitangulia. Aliinama, akamshika mbuzi mguu wa nyuma.

"Hili si goti, wajukuu zangu. Goti liko huku juu, karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi. Mimi nachinja, najua kisu kinapita wapi." Akapapasa mpaka akalipata, akamwita mtoto mmoja aweke kidole. "Umelisikia? Sasa hiki cha katikati ndicho kisigino chake. Mbuzi hajawahi kukanyaga kisigino maisha yake yote."

Mimi nimefundisha sanaa kwa picha na michoro ya ubaoni, na sijapata kueleza jambo hili kwa ufasaha namna ile. Nikawasimamisha watoto wote wasimame kwa ncha za vidole, visigino juu, magoti yamekunjwa kidogo. Nikawaambia wajiangalie: goti linaelekea mbele, kisigino kinaelekea nyuma. Huo ndio mguu wa mbuzi, ila kwake wayo umerefuka na paja limefupika na kujificha mwilini. Kwato ni kucha. Mbuzi, ng'ombe, swala na twiga wanasimama juu ya kucha za vidole viwili. Punda na pundamilia juu ya ukucha wa kidole kimoja. Paka, mbwa na simba wanakanyaga vidole, kisigino kiko hewani. Mguu wa mbele vilevile: tunachokiita goti la mbuzi ni kifundo cha mkono, na kiwiko kiko juu, kimegusana na kifua.

Kuanzia siku ile watoto wanajaribu kila mnyama kwa miili yao wenyewe kabla ya kushika mkaa. Ukipita dirishani unawaona wamesimama kwa vidole, mmoja anamwelekeza mwenzake ashushe kiuno.

Machi: udongo

Tumehamia kwenye udongo. Bibi mmoja mfinyanzi, anayeuza vyungu na mitungi sokoni, alikubali kutuonyesha anapouchimba, bondeni, na jinsi ya kuuandaa. Udongo unalowekwa, unachujwa changarawe na mizizi, unaachwa ukauke kiasi, kisha unakandwa na kupigwa juu ya ubao mpaka hewa itoke. Watoto walidhani kukanda ni kupoteza wakati. Bibi alimkatia mmoja bonge lake katikati kwa uzi, akamwonyesha vitundu vya hewa ndani. "Hivi ndivyo vitakavyokupasulia tembo wako motoni," akamwambia. Mtoto akarudi kukanda.

Udongo una sheria zake, na unamchagua mnyama. Swala wa udongo ni mateso, miguu yake haiwezi kubeba mwili. Tembo na kiboko wanapenda udongo. Kobe ndiye rahisi kuliko wote. Kwa hiyo tuligawana: wenye miguu minene wakaenda kwenye udongo, wenye miguu myembamba wakabaki kusubiri waya na magazeti.

Tembo alitupa somo jipya, kwa sababu mbuzi hamfundishi tembo. Miguu ya tembo imesimama wima kama nguzo, na goti lake la nyuma liko chini, linaonekana, linakunjwa mbele kama letu. Naye anasimama kwa vidole, ila nyuma ya vidole kuna mto mnene wa mafuta unaojaza wayo, ndiyo maana alama yake ardhini ni ya mviringo. Na kuna kipimo ambacho watu wa porini wanakijua: mzingo wa unyayo wa mbele wa tembo, ukiuzidisha mara mbili, unakaribia kimo chake begani. Tulichukua uzi. Kila mtoto aliuzungusha kwenye mguu wa mbele wa tembo wake wa udongo, akaukunjua, akaurudia mara mbili kuupandisha mpaka begani. Wengi walikuta tembo wao wana miguu myembamba mno. Wakaongeza udongo, na ghafla wale tembo wadogo wa kukaa kiganjani wakaonekana wazito.

Kiboko naye: macho, masikio na matundu ya pua yote yako juu ya kichwa, karibu usawa mmoja, ili mwili ubaki majini yeye akiona na kupumua. Mtoto mmoja aliamua kutengeneza kichwa na mgongo tu, akaviweka juu ya kipande cha kioo. Sikumwuliza nani amemfundisha ujanja huo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Jinsi ya kuunga masikio na mikonga: kwaruza sehemu zote mbili kwa mti wenye ncha, paka uji wa udongo, bana, kisha lainisha kiungo kwa kidole. Tembo mkubwa achimbwe ndani kupitia tumboni, kuta zake zibaki na unene wa kidole gumba au pungufu. Kipande kinene kinakauka nje, ndani kikabaki na unyevu. Kikienda motoni maji yanageuka mvuke, yanakosa njia, na kipande kinapasuka. Bibi atatuchomea pamoja na vyungu vyake, kwa kuni na pumba za mpunga, vikishakauka kabisa. Kwa mvua hizi hatuna haraka.

Mwisho wa Machi mpaka Aprili: ndama wa twiga

Hii ndiyo kazi kubwa ya muhula. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na watoto wenye ndugu kule juu wamewaona twiga kupitia dirisha la basi. Wazo likatoka kwao: twiga wa ukubwa wake halisi. Mkubwa hatuwezi, atagonga paa. Lakini ndama wa twiga anazaliwa na kimo cha karibu mita 1.8, na huyo anaingia mlangoni kwetu akiinamishwa.

Shingo ndiyo iliyoleta mjadala. Twiga ana mifupa saba shingoni, idadi ileile aliyonayo binadamu. Tofauti ni urefu wa kila mfupa. Niliwaambia wapapase shingo zao wenyewe, kisha wafikirie mifupa ileile saba imevutwa. Kuku, kwa shingo yake fupi, ana mifupa mingi zaidi, ndiyo maana anaweza kuipinda na kuirudisha nyuma ajichokoe mgongoni. Shingo ya twiga inainama kwa upinde mpana. Tukakusanya makopo saba ya maziwa ya unga, tukayatoboa katikati juu na chini, tukayatunga kwenye waya wa kufungia nondo uliosokotwa mara mbili, na kati ya kopo na kopo tukaweka kitambaa kilichokunjwa. Ukiishika shingo ile na kuitikisa inajipinda yenyewe vile inavyotakiwa. Watoto hawakuhitaji picha tena.

Miguu ni fito za mianzi, zimefungwa kwa waya kwenye viungo, kisigino juu mahali pake, na chini zimesimikwa ndani ya makopo ya rangi yaliyojaa kokoto. Tulibishana miguu isimameje. Twiga akitembea, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja huenda karibu pamoja, kama ngamia. Kijana aliyewahi kuwaona Mikumi alitembea mbele ya darasa na mwenzake nyuma yake, wameshikana viuno, kulia-kulia, kushoto-kushoto. Tukakubaliana. Ndama wetu anapiga hatua, upande wa kushoto umetangulia kidogo.

Mwili ni maboksi yaliyokatwa na kukunjwa, yamejazwa magazeti yaliyofinyangwa. Kisha yakaanza matabaka. Uji wa kubandikia tunaupika hivi: kikombe kimoja cha unga wa ngano unakorogwa kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, unamiminwa kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, unakorogwa mpaka uwe mzito na ung'ae, kisha kijiko cha chumvi kuzuia ukungu. Utumie ukishapoa. Gazeti lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanika unalala vizuri, wa mkasi unaacha ngazi. Lichane kutoka juu kwenda chini, linakwenda moja kwa moja. Ukilichana kwa upande linakwenda ovyo. Tabaka la kwanza tunatumia kurasa za kawaida, la pili kurasa za rangi, ili palipobaki wazi paonekane.

Masika yamekuja na nguvu. Kwenye kiangazi tabaka lingekauka mchana mmoja, sasa tunasubiri. Tumefunga ndama juu, kwenye kenchi, kwa kamba, maana joto la mabati linamsaidia jua linapochomoza kidogo, na huko juu panya na mende, wanaopenda sana uji wa unga, wanapata shida kumfikia. Kila asubuhi kabla ya mstarini kuna watoto wanaopita kumgusa tumbo kuona kama bado ni baridi. Pakiwa baridi, bado pana maji.

Mwanzoni mwa Mei: rangi

Ngozi sasa, waliyoisubiri.

Rangi tumeitafuta ardhini na jikoni. Udongo mwekundu wa barabarani, umekaushwa, umetwangwa na kuchekechwa kwa kipande cha nailoni. Udongo wa manjano kutoka kwenye kingo ya mto. Masizi ya chini ya sufuria. Chokaa. Vyote vinachanganywa na gundi nyeupe ya maji. Niliwaeleza kwamba kule Kondoa, kwenye miamba iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wa kale walichora twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu ya udongo, na bado wanaonekana. Mtoto mmoja aliutazama mkono wake uliojaa vumbi jekundu kwa muda, kisha akaendelea kuchekecha kwa uangalifu zaidi.

Bizari manjano iliwavutia sana kwa ung'avu wake. Mmoja aliikoroga kwenye kifuniko cha chupa, akaongeza chokaa aipunguze ukali, na papo hapo rangi ikageuka nyekundu ya damu ya mzee. Darasa zima likasimama kuzunguka kifuniko kile. Ndivyo ilivyo: manjano ikikutana na kitu chenye chokaa au sabuni inageuka nyekundu. Pia ikikaa juani inapauka upesi. Kwa twiga tumebaki na udongo wa manjano, unaodumu. Manjano ya jikoni tumewaachia wenye kuchora kwenye madaftari.

Madoa ya twiga wa Mikumi, twiga wa Kimasai, yana kingo zilizochongoka, mithili ya majani. Tulikata violezo vya maboksi na kupaka kwa vipande vya godoro. Sheria ilikuwa moja: doa lifuate mwili. Tumboni makubwa, miguuni na usoni madogo, na pale mwili unapopinda doa nalo lipinde. Kwa wachoraji wa chui na duma nilitaka jambo moja tu: duma ana madoa yaliyojaa na mstari mweusi kutoka jichoni mpaka mdomoni, chui ana madoa yaliyojipanga duara, katikati wazi, na hana mstari huo.

Wale wakubwa walitaka kujaribu rangi za mafuta juu ya hadibodi, kama wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya duka la mtaani, na akafariki 1972. Katika miaka hiyo michache aliacha namna ya kuchora ambayo nchi nzima inaitambua. Tuliangalia nakala za kazi zake. Mnyama mmoja anajaza ubao wote, nyuma hakuna vurugu, mstari wa nje hauna wasiwasi. Mtoto akaniuliza mbona miguu haifuati mifupa kama ya mzee wa mbuzi. Nikamwambia aufuate mgongo kwa kidole kutoka kichwa hadi mkia, aniambie kama anamtambua mnyama akiwa amefumba macho. Akasema anamtambua. Mchoraji yule aliweka kilichomtosha, na nawaruhusu watoto wangu wafanye vilevile, mradi wajue wanachokiacha.

Rangi ya mafuta inapakwa nje, upande wa upepo, kwa sababu harufu yake inaumiza kichwa.

Mei: kinyonga

Hakuwa kwenye mpango. Alipatikana kwenye ua wa shule, na nusu ya darasa walikimbia. Wengi wamekuzwa wakiambiwa ni nuksi. Sikumlazimisha mtu amguse. Tulimwacha kwenye tawi lake tukachora kwa mbali, kisha kwa karibu kadiri kila mmoja alivyopenda. Vidole vyake vimegawanyika makundi mawili: mguu wa mbele vitatu ndani na viwili nje, mguu wa nyuma viwili ndani na vitatu nje. Kila mguu ni koleo. Aliyekimbia wa kwanza ndiye aliyekuja kuhesabu vidole, na sasa anatengeneza kinyonga wa waya, mkia umezungushwa kwenye kijiti, macho ni vifuniko vya kalamu.

Hali ilivyo sasa

Tembo na viboko wamerudi kutoka kwa bibi, wekundu wenye mabaka meusi ya moshi, na hatutawapaka chochote. Mmoja alipasuka ubavuni. Mwenyewe amekataa kumwunga, anasema ufa unamfaa. Ndama wa twiga amemaliza tabaka la pili la rangi. Pembe zake tumezilaza nyuma kama za ndama aliyezaliwa leo, zina vishungi vya katani iliyotiwa masizi, na katani hiyohiyo, imekatwa fupi, imesimama shingoni. Yamebaki masikio na kope. Kope ziwe ndefu. Watoto wanabishana kama watumie katani au nywele za ufagio, na nimewaachia waamue.

Muhula ujao tunakwenda kwenye ndege, tukianza na kuku wa mzee na mfupa wa bawa uliobaki chunguni. Wazazi wenye magazeti, makopo ya maziwa na manyoya ya kanga wayalete ofisini kabla shule haijafungwa. Magazeti ya rangi na ya kawaida, yote tunayahitaji.